Udi Kwenye Maji ya Pengwini

Nilifukiza ovaroli ya maabara kwa udi. Hilo ndilo kosa langu la mwaka wa kwanza, na nalitaja hapa juu kabisa ili asiwepo kati yenu atakayesoma akidhani anaandikiwa na bingwa. Nyinyi mnaoingia kazi ya kupima metali kwenye maji mtasikia mengi juu ya asidi inayounguza na mashine zenye bei ya nyumba. Ni kweli, jihadharini nazo. Mimi niliharibu kazi kwa kutaka kunukia vizuri.

Nina miaka thelathini na minane na nimestaafu. Najua linachekesha. Mke wangu naye alicheka nilipomwambia kwa simu, kisha akaiona mikono yangu kwenye kioo cha simu akauliza kama inauma. Ngozi imekataa glavu. Nikizivaa robo saa inapasuka na kutoa maji, na daktari aliniambia kwa upole kwamba haitarudi kuwa ya zamani. Kazi yetu bila glavu haipo. Basi nimekaa chumbani kwangu mtaa wa Ruwais, hapa Jeddah, nimejipaka mafuta hadi viwikoni, naandika polepole. Ukurasa huu nimeuandika mara nne. Ndivyo nilivyo, na mtaona tabia hiyo ilinifikisha wapi.

Nilikuja Jeddah kuwa dereva. Nyumba ilikuwa mtaa wa Al-Safa, na mwenye nyumba, Abu Nayef, ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, na ndiye mwenye maabara. Sisi wafanyakazi tulimwita baba. Asubuhi nilipeleka watoto shule, mchana nilimpeleka madam kwenye mizunguko yake, alasiri niliosha gari. Niliosha kwa mswaki, kila tundu la ringi, kila mshono wa kiti. Siku moja akaja mama mmoja mtu mzima, abaya nyeusi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Hebu niambie, mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha Unguja, "hilo gari au maiti?"

Nilishtuka. "Gari, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeuliza kwa sababu naona unaliosha kama linazikwa saa hizi."

Huyo ndiye Bi Zuhura, msimamizi wa maabara. Wazee wake walihama Unguja mwaka wa sitini na nne, yeye kaletwa hapa Jeddah akiwa na miaka kumi, lakini ukimsikia akigombana na mtu utadhani jana tu katoka Mkunazini. Aliingia ndani, akamwambia Abu Nayef kwamba dereva huyu anamtaka. Baba alidhani anatania. Mwezi uliofuata nilikuwa nabeba sampuli, kutoka chumba safi cha Jeddah hadi kwenye mashine ya kupimia metali iliyokuwa Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, ghorofa ya tatu juu ya mkahawa wa wali wa mandi. Kutwa nzima barabarani, kasha la chupa limefungwa mkanda kama abiria.

Sikusomea kemia. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Niliomba kitabu cha taratibu za maabara, nikakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikawa nakisoma kwa msaada wa simu na kunakili kwenye daftari. Nikikosea herufi moja, nachana ukurasa na kuanza upya. Bi Zuhura alipoliona daftari langu la kazi halina hata neno moja lililofutwa, sikusifiwa kama nilivyotarajia.

"Kurasa za kumi na nane na kumi na tisa ziko wapi?"

"Nilikosea, nikazichana."

"Mwanangu, daftari lisilo na kosa mie silitii saini. Kosa unalipiga mstari mmoja tu, lisomeke chini yake, unaweka jina. Ukilificha nitajuaje lilikuwa nini?"

Nilisema naam. Sikuelewa. Nilidhani ni ukali wa watu wazima.

Sasa niwaeleze chumba safi, maana wengi mnadhani ni chumba kilichopigwa deki. Ni chumba ambacho hewa yake inachujwa, ndani hamna msumari, hamna bawaba ya chuma, hamna pete, saa wala wanja wa macho. Kila kitu ni plastiki. Mlangoni kuna zulia lenye gundi linalovua vumbi kwenye nyayo. Chupa mpya hailetwi ikatumika. Inalowekwa kwenye asidi kwa wiki kadhaa, inasuuzwa, inalowekwa tena kwenye asidi nyingine nyepesi, inakaushwa kichwa chini, inavalishwa mifuko miwili. Wakati wa kuifungua mnakuwa wawili. Mmoja ni mkono mchafu, anagusa mfuko wa nje tu. Mwingine ni mkono safi, anagusa mfuko wa ndani na chupa, na hagusi kingine chochote duniani. Pua ikikuwasha, unaiacha iwashe. Mwezi wa kwanza nililia kwa kuwashwa pua, na hilo siwatanii.

Na kila siku ya kumimina, yaani kuhamisha maji ya sampuli kutoka chupa kwenda vikombe vya kupimia, mnatengeneza sampuli tupu. Kumbukeni jina hilo. Ni maji yaliyosafishwa kabisa, yanayopitishwa kila hatua inayopitiwa na sampuli za kweli: kikombe kile kile, asidi ile ile, mikono ile ile. Mashine ikiona chuma humo, chuma hicho kimetoka kwenu.

Maabara yetu iliishi kwa kupima maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, ambayo mji mzima unayanywa. Kwa hiyo tulikuwa wazoefu wa maji ya chumvi, na kwa sababu hiyo watafiti wa ng'ambo walituletea kazi iliyonibadilisha: makasha mawili kutoka bahari ya kusini kabisa, kwenye barafu. Ndani kulikuwa na samadi ya pengwini, iliyokaushwa, ya rangi ya waridi iliyochujuka. Na chupa za maji yaliyochotwa karibu na makazi ya ndege. Na chupa ndogo kumi na mbili za maji ya bahari ya mbali, wasikofika ndege wengi.

Harufu ya samadi ile siwezi kuieleza kwa adabu. Nilipomwambia mama yangu kwa simu ninachokifanya aliuliza, "Salim, yaani umekwenda nchi ya Makka kupima mavi ya ndege?"

Niliona aibu, nikamuuliza Bi Zuhura kama kazi hii ina maana yoyote. Aliweka kalamu chini.

"Vumbi la hapa unalichukia, sio?"

"Sana."

"Vumbi hilo lina chuma. Linapeperuka, linaanguka baharini, vijimea visivyoonekana kwa macho vinakula, samaki wanaishi. Bahari yetu inalishwa na jangwa. Sasa kule kusini kuna barafu tupu. Vumbi litoke wapi? Maji yamejaa mbolea nyingine zote, lakini chuma ni haba, na bila chuma vijimea havikui. Kilichopo kimeingia mwilini mwa uduvi. Pengwini anakula uduvi, anachukua anachokihitaji, na kinachobaki anakirudisha majini. Chuma, shaba, zinki, naitrojeni. Kinazunguka. Vijimea vinakila tena, uduvi anakula vijimea. Ndege wakipungua, mzunguko unapungua nao."

"Kwa hiyo wanaitia bahari mbolea."

"Ndivyo tunavyodhani. Samadi ina chuma kingi, hilo tumeshaliona. Lakini je, kinayeyuka, au kinazama chini kama kokoto? Tukilinganisha maji ya karibu na maji ya mbali ndipo tutajua. Zile chupa kumi na mbili ndizo mizani yenyewe. Na meli haiendi tena kuchota mengine mwaka huu."

Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja. Aliniambia hiyo ndiyo ripoti ya mwisho atakayoitia saini kabla ya kupumzika, na ndiyo ya kwanza katika maisha yake isiyohusu maji ya bomba.

Sasa kosa. Ovaroli za chumba safi hazitoki nje. Zinafuliwa hapo hapo kwa mashine maalumu. Mimi niliiona yangu ina doa la waridi kwenye mkono na harufu ya samadi haijaisha. Siku ya Jumapili ndiyo nilikuwa nimepewa kumimina zile kumi na mbili, mara ya kwanza kuwa mkono safi bila Bi Zuhura kusimama pembeni. Nilitaka niingie nikiwa sina ila. Alhamisi niliikunja ovaroli nikaitia kwenye mfuko wa plastiki nikaenda nayo Ruwais. Niliifua kwa mikono maji matatu. Niliipiga pasi. Na Ijumaa baada ya swala, kama tunavyofanya kwetu na kama wanavyofanya majirani zangu Wahijazi, niliwasha makaa kwenye chetezo, nikatia udi, nikaitandaza ovaroli juu ya tenga la kufukizia pamoja na kanzu yangu.

Nilijiona msafi kuliko watu wote wa Jeddah. Nilimimina Jumapili bila kumwaga hata tone.

Jumatatu alfajiri nikalipakia kasha, jioni nikawa Riyadh, na Jumanne asubuhi tulianza kusoma. Aliyeendesha mashine alikuwa Otieno, kijana wa Kisumu aliyeanzia kufagia korido za jengo lile. Alifungua mfuko wa nje, akavuta pumzi.

"Buda, hii box inanukia harusi."

Nilicheka. Kisha nikaikumbuka ovaroli, lakini nikajiambia ni mfuko tu, ni kanzu yangu garini. Akaweka sampuli tupu. Namba zikapanda kwenye kioo. Akazirudia. Zikapanda vile vile.

"Salim, hii blanki yako ina chuma kama umeichemshia ndani ya sufuria. Uliingia na nini huko?"

Nilijua. Jivu la makaa. Jivu ni chuma, ni zinki, ni kila kitu, na vumbi lake lilikuwa limekaa kwenye nyuzi za mikono ile niliyoinyoosha juu ya vikombe kumi na viwili vilivyo wazi. Nilimwambia, "Sijui."

Otieno hakuwa mtu mbaya, mlielewe hilo. Aliniona nimebadilika rangi na alijua ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imebakiza wiki chache kufanywa upya. "Sikiza bro, usipanic. Blanki huharibika yenyewe pia. Nitatengeneza nyingine hapa kwa maji yangu, tunaendelea. Mafi mushkila, hakuna shida."

Ningeweza kusema hapana. Nilisema, "Tengeneza."

Ya kwake ilitoka safi kabisa, kwa sababu haikuwahi kuingia chumbani kwetu. Na kwa kuwa karatasi sasa ilionyesha sampuli tupu isiyo na chuma, kila chembe niliyoiangusha mimi ikahesabiwa kuwa ya bahari. Maji ya mbali yakawa na chuma sawa na maji ya karibu. Kwenye jedwali lile ndege hawakuwa na kazi yoyote. Mamia ya maelfu ya pengwini, na mtu mmoja wa Ruwais amewafuta kwa chetezo.

Matokeo yalitumwa Jeddah siku ile ile. Bi Zuhura aliniachia ujumbe wa sauti, nikausikiliza nimekaa garini, nje ya mkahawa wa mandi.

"Salim, mwanangu, nimeziona namba. Kumbe bahari ile ina chuma chake bwana. Basi nilikuwa nimekosea, na nimewaambia wale watu miezi yote hii kinyume chake. Ndiyo kazi ilivyo, ukikosea unakubali. Nitaandika hivyo, na Alhamisi nitatia saini. Endesha taratibu, upepo mkali leo."

Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayekunja kitambaa na kukiweka. Mtu ambaye hakukosea alikuwa amekubali kosa, na aliyekosea alikuwa ameketi akisikiliza.

Niwaambie kwa nini sikumpigia papo hapo, msije mkanidhania mema. Sikuwaza kwanza ndege, wala yeye. Niliwaza kwamba atajua mimi si mtu safi. Ikama niliiwaza baadaye. Watu wa aina yetu, tunaofuta na kuandika upya, tunaogopa kuonekana tumekosea kuliko tunavyoogopa kosa lenyewe. Kosa lenyewe tunaweza kuishi nalo miaka, mradi limefunikwa vizuri. Nilirudi Jeddah Jumatano, nikasimama mara mbili njiani, kila mara nikaandika ujumbe mrefu nikaufuta kwa sababu haukukaa sawa.

Alhamisi saa tatu asubuhi niliingia ofisini kwake. Ripoti ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Nilianza kulia kabla sijasema.

"Bi Zuhura, mimi ni mtu mbaya, mama. Umenitoa kwenye gari, umenifunza, na mimi nimekusaliti, sistahili—"

"Kuna nini?"

"Sijui nianzie wapi. Roho yangu haijatulia tangu—"

"Salim." Alivua miwani. "Roho yako utaieleza kwa Mola wako. Mie niambie chupa. Zipi?"

Nilifuta machozi kwa mkono wa shati. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

"Za mbali. Zote kumi na mbili."

"Kimeingia nini?"

"Jivu la udi. Nilitoa ovaroli, nikaifua nyumbani, nikaifukiza."

"Siku gani?"

"Ijumaa. Nikamimina Jumapili."

"Sampuli tupu ilisemaje?"

Hapo nilimfikiria Otieno. "Ilikuwa na chuma. Nikakubali itengenezwe nyingine Riyadh. Mimi ndiye niliyesema itengenezwe."

Aliandika kila jibu, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake wa mviringo. Alipomaliza aliuliza kama chupa zimebaki maji. Nilimwambia hapana, zilikuwa ndogo, zote zimekwisha. Aliinamisha kichwa. Kisha akasema, polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Basi mwaka huo wa bahari ile hatutaujua tena."

Hilo ndilo sijawahi kulitoa kifuani. Angenitukana ningepumzika.

Baada ya hapo akaichukua ripoti, akapiga mstari mmoja juu ya safu yote ya maji ya mbali, namba zikabaki zinasomeka chini yake, akaandika sababu, akaandika jina langu, akanipa kalamu niweke saini.

"Utampigia baba mwenyewe au nimpigie?"

"Nitampigia."

Abu Nayef alinisikiliza hadi mwisho kwa simu. Aliniuliza swali moja: nimemwambia Bi Zuhura kabla ya saini yake au baada? Nilisema kabla. "Halas, yamekwisha," akasema. "Chumba safi huingii. Ukitaka kuosha chupa, osha chupa. Ukitaka kwenda kwenu, nitakukatia tiketi." Nilisema nitaosha. Otieno naye aliitwa akaonywa kwa maandishi. Alinitumia ujumbe: "Umeniuza buda, lakini angalau umejiuza kwanza." Tulikaa miezi bila kusemezana, kisha siku moja akaniuliza habari za mama.

Niliosha chupa mwaka mzima. Mikono yangu ilianza kuharibika hapo, na sitamlaumu mtu. Nilikuwa nabadilisha glavu mara nyingi kuliko ilivyotakiwa, nikisugua ngozi kila nilipozivua. Hata adhabu niliifanya kwa kupitiliza. Kwa hiyo chukueni hili kama ufundi wa kawaida: glavu zenu zitoshe kiganja, ngozi ikauke kabla hamjavaa, na ikianza kuwasha semeni mapema, msingoje ipasuke.

Ripoti ilikwenda na safu tupu. Wale watafiti walikasirika, wakaandika barua kali, na walikuwa na haki. Walichopata ni nusu ya jibu: kwamba samadi ile ikiloweshwa kwenye maji ya bahari inaachia chuma, na maji ya karibu na ndege yana chuma cha kutosha vijimea kula. Kiasi gani cha hicho ni zawadi ya ndege, na kiasi gani kingekuwepo hata bila wao, ripoti yetu haisemi. Bi Zuhura aliitia saini hivyo, akastaafu mwezi uliofuata. Nilikwenda kumuaga nyumbani kwake. Alinipa chai na visheti, akaniuliza habari za chupa. Hakuniuliza habari za roho.

Mwaka ulipokwisha Abu Nayef alinirudisha chumba safi, nikafanya kazi humo miaka tisa, na nilikosea tena mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika.

Kilichobadilika ni hiki. Katika maabara ile ripoti haitiwi saini mpaka aliyemimina, aliyebeba na aliyesoma mashine wakae meza moja, au kwa simu kama mmoja yuko Riyadh, na kila mmoja aseme alichokosea safari hiyo. Kikao huchukua nusu saa. Mara nyingi kila mtu ana la kusema.